Kuchagua matairi ya A/T kwa pikapu ya mizigo katika njia za Dodoma

Mbele ya maduka ya matairi hapa Dodoma swali ni lilelile: "Bosi, una A/T yenye kashata nene?" A/T ni tairi la njia mchanganyiko, lami na vumbi; kashata ni vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara. Muuzaji anashusha tairi kutoka juu ya rundo, mteja anazamisha kidole kwenye mfereji wa kashata, anaguna kwa kuridhika, wanaanza kuvutana bei. Maandishi ya ubavuni hayasomwi na mtu. Kisha mwezi wa kumi, jua likiwa la utosi na bodi limejaa saruji, tairi linatoa nundu au linapasuka kati ya Manyoni na Dodoma, lawama zinaiangukia kampuni, barabara au fundi. Mara nyingi tairi lenyewe lilikuwa zima. Lilibebeshwa mzigo ambao halikutengenezwa kuubeba.

Ninaowaandikia hapa ni wenye pikapu za kazi: Land Cruiser 79, Hilux au D-Max inayobeba mzigo kwelikweli, Ranger ya mradi, hata zile F-250 na Ram 2500 za Kimarekani zinazoonekana mara mojamoja. Kama kazi ya pikapu yako ni kwenda ofisini Mtumba na kurudi Area D, nunua tairi la lami, lile linaloandikwa H/T, ubaki na chenji.

Msimamo wangu niuseme mapema, maana hatua zote zinautegemea. Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili, na hata humo siku kavu haziko chache. Kinachoua matairi huku ni joto, uzito, miiba na mawe. Tope ni mgeni wa msimu. Kwa hiyo tairi huchaguliwa kwa kuanza na uwezo wa mzigo, halafu ubavu, na kashata zinakuja mwisho.

Hatua ya 1: Orodhesha njia zako za kweli

Chukua karatasi, andika safari za pikapu yako kwa mwezi wa kawaida. Siyo safari unazoziota, zile unazozifanya. Utashangaa lami ilivyo nyingi. Kwenda Singida ni lami, Morogoro lami, Iringa kupitia Mtera lami, Babati kupitia Kondoa lami. Kilichobaki ni kipande cha mwisho cha kuingia kijijini, na hicho ndicho kinachotofautiana.

Ukikata Chipogolo kuelekea Rudi na Kibakwe, au ukipanda milima ya Mpwapwa, adui ni mawe yenye makali. Ukiwa wilaya ya Chemba kuelekea Kwamtoro, ni changarawe na barabara ya rasta, ile inayotikisa dashibodi mpaka skrubu zinaanza kulegea. Farkwa kuna mchanga wa Mto Bubu na makorongo yake. Na Bahi kuna mbuga: udongo mweusi unaopasuka kiangazi, ukinyeshewa unageuka gundi.

Sasa fanya uamuzi wa jumla. Lami na changarawe zikichukua sehemu kubwa ya safari, A/T ndiyo yako. M/T, yale ya tope yenye kashata zilizoachana sana, yana kelele kwenye lami, huisha haraka, na breki zake kwenye lami iliyoloa si za kujivunia. Najua yanapendeza. Yanapendeza hasa yakiwa yamepakwa dawa ya kung'arisha.

Kuhusu mbuga ya Bahi nisiwadanganye. Udongo ule hujaza mifereji ya A/T kwa mizunguko michache tu, tairi likabaki kama limenyolewa. M/T hujisafisha vizuri zaidi likizunguka kwa kasi, lakini mbuga ikishaloa mpaka chini hata hilo hukwama. Mwenye mashamba ya mpunga huko anajua: unasubiri ikauke siku mbili, au unazunguka. Usinunue seti nzima ya M/T kwa ajili ya wiki sita za mwaka.

Hatua ya 2: Jua uzito unaokaa juu ya tairi moja

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu. Pakia pikapu kama unavyopakia siku ya kazi, jaza tangi, panda na abiria wako, kisha pitisha gari kwenye mizani ya magari. Viwanda vikubwa vya alizeti na maghala ya nafaka huwa nazo, na ukiomba kwa adabu kwa ada ndogo watakupimia. Omba upimwe mara mbili: gari zima, halafu magurudumu ya nyuma peke yake.

Tuseme gari limetoka kilo 3,200, na nyuma peke yake kilo 2,000. Gawanya kwa mbili: kila tairi la nyuma linabeba kilo 1,000. Hapo gari limesimama kwenye zege. Barabarani kuna mashimo, kuna kona zinazohamishia uzito upande mmoja, kuna mifuko iliyopangwa vibaya. Mimi huongeza asilimia 30 hivi. Kilo 1,000 inakuwa 1,300, na hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani.

Ukikosa mizani, angalia kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva au kitabu cha gari. Tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye ekseli ya nyuma, ugawe kwa mbili, uongeze hiyo asilimia. Kama huwa unapakia kuzidi kibandiko, basi kibandiko hakikusaidii, tafuta mizani tu.

Hatua ya 3: Soma ubavu wa tairi

Washa tochi ya simu, inama, soma polepole. Mfano wa tairi linalofaa pikapu ya mzigo ni huu:

LT265/65R17 120/117S

265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. R ni radiali, yaani muundo wa ndani wa tairi, 17 ni inchi za rimu. Hayo wengi wanayajua. Utajiri uko kwenye LT ya mwanzo na 120 ya mwishoni.

LT maana yake tairi limeundwa kwa ajili ya magari ya mizigo mepesi. Namba 120 ni ya mzigo: kilo 1,400 kwa tairi moja. Inayofuata, 117, ni ya matairi pacha ya nyuma, kwa hiyo kama pikapu yako ina tairi moja kila upande, soma ya kwanza tu. S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa. Herufi hii isikuumize kichwa. Hata Q, ambayo ni 160, inazidi mwendo wowote halali wa pikapu iliyopakia.

Sasa geuka, angalia tairi la jirani yake kwenye rundo hilohilo. Jina lilelile la kampuni, kashata zilezile, limeandikwa 265/65R17 112. Halina LT. Namba 112 ni kilo 1,120. Ukubwa ni uleule, rimu ileile, ila tofauti ni kilo 280 kwa kila tairi. Na kuna kitu kingine: kwa kanuni za Marekani, tairi la aina ya gari dogo, yaani lisilo na LT kama hili, likifungwa kwenye pikapu uwezo wake hugawanywa kwa 1.1, kwa sababu pikapu huteseka zaidi. 1,120 inabaki kama 1,018. Rudi kwenye hesabu ya mizani: tairi letu la nyuma lilikuwa limebeba kilo 1,000 kabla ya kukutana na shimo hata moja. Hakuna akiba iliyobaki.

Namba za mzigo za kukumbuka: 110 ni kilo 1,060; 112 ni 1,120; 115 ni 1,215; 118 ni 1,320; 120 ni 1,400; 121 ni 1,450; 123 ni 1,550. Kwa mfano wetu wa kilo 1,300, chini ya 118 usishuke.

Halafu kuna suala la "plai". Utamsikia kijana wa duka: "Mzee, hili ni plai kumi, hata tani tano linabeba." Mwambie akuonyeshe palipoandikwa. Plai kumi, au herufi E kwenye matairi ya LT, ni daraja la uimara tu. Tairi la kisasa halina tabaka kumi ndani yake. Daraja C ni sawa na plai sita, D nane, E kumi. Kinachobadilika ni upepo ambao tairi linaweza kuushika: kwa kawaida C hufika PSI 50 (PSI ni kipimo cha upepo), D 65, E 80. Upepo ndio unaobeba mzigo, mpira na waya kazi yake ni kuushika upepo usitoke. Ndiyo maana tairi la E ukilijaza PSI 35 na kuipakia pikapu tani moja na nusu umelinunua bure.

Mtego mmoja hapa huwanasa hata wazoefu. C iliyobandikwa mwishoni mwa ukubwa, kama 205R16C, siyo daraja C la plai sita. Hiyo ni alama ya Ulaya ya matairi ya magari ya biashara, na 205R16C huja na namba ya mzigo 110, mara nyingi ikiwa plai nane. Usibishane juu ya herufi. Soma namba ya mzigo, inamaliza ubishi.

Chini kabisa, kwa maandishi madogo, utaona mzigo wa juu kwa kilo na upepo wake. Kwa tairi letu la mfano, kilo 1,400 kwa PSI 80. Piga picha ya ubavu huo wote. Itakufaa siku muuzaji akikuletea kutoka stoo tairi "lilelile" ambalo siyo lile.

Hatua ya 4: Ukubwa

Kaa karibu na ukubwa wa kiwandani. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 kimo kizima cha tairi hupanda kutoka milimita 776 hadi 803, kama asilimia 3.4. Unapata nafasi kidogo chini ya difu, lakini mita ya mwendo nayo inaanza kusoma pungufu kuliko hapo awali. Kwenye vijiji vya kilomita 50 kwa saa, trafiki wenye tochi za kupima mwendo hawatakusikiliza ukiwaeleza habari za kimo cha tairi. Ukipanda zaidi ya hapo, anza kuangalia kama tairi linagusa madigadi ukikata kona huku springi zimekaa.

Upana nao una mashabiki wake. Kwa pikapu ya kazi napendelea tairi jembamba na refu. Land Cruiser 79 inayotumia 7.50R16 inaweza kuhamia 235/85R16, kimo chake karibu sawa kabisa, milimita 806 hivi. Tairi jembamba halitoi ubavu wake nje kwenye mawe, halirushi kokoto nyingi, na halili mafuta sana. Wengi huamini mchanga unataka tairi pana. Ukipunguza upepo, tairi refu hulala kwa urefu kama wayo, na urefu huo ndio unaolivusha gari.

Hatua ya 5: Tyubu au bila tyubu

Pikapu nyingi za Land Cruiser za zamani zinatembea na rimu za pete, zile zenye pete ya chuma inayofunguka pembeni, na tyubu. Faida yake kila dereva wa porini anaijua: kwa vyuma viwili na nyundo unafungua tairi chini ya mti, unaziba tyubu, unaendelea. Lakini angalia miiba yetu. Mwiba mweupe wa mgunga, mrefu kama kidole, ukipenya tairi lenye tyubu hutoboa tyubu na upepo hutoka palepale, wakati mwingine kwa ghafla gari likiwa kwenye mwendo. Tairi lisilo na tyubu humkumbatia mwiba. Unaweza kufika nyumbani na miiba mitatu imo ndani, upepo umepungua kidogo tu.

Kwa hiyo kama njia zako ni za vichaka vya miiba, fikiria kubadili rimu. Siyo kutoa tyubu tu na kufunga tairi jipya kwenye rimu ya zamani ya pete. Rimu lazima iwe ya kipande kimoja, iliyotengenezwa kwa tairi lisilo na tyubu, na mashimo ya nati yalingane na gari. Rimu za Land Cruiser 79 za nati tano haziingiliani na za Hilux zenye nati sita, hata muuzaji akisema zinaingia.

Ukibaki na rimu za pete, jambo moja halina mjadala: wakati wa kujaza upepo pete ielekee chini au ukutani, na mtu yeyote asisimame mbele yake. Pete isiyokaa vizuri huruka kwa nguvu ya kuua. Fundi anayejaza huku ameinamia rimu, mwondoe pale kabla hujamwambia kitu kingine.

Kutia tyubu ndani ya tairi la bila tyubu ili kuokoa tairi lenye jeraha ni tabia ya kawaida mitaani. Tyubu husuguana na ndani ya tairi, joto linapanda. Kwa kufika mjini sawa. Kwa kwenda Singida na mzigo, hapana.

Hatua ya 6: Ubavu na kashata

Sasa ndiyo uangalie kashata, lakini anza na ubavu. Baadhi ya A/T za LT zina tabaka tatu ubavuni badala ya mbili. BFGoodrich KO2 ya LT ni mfano unaojulikana. Idadi ya tabaka za ubavuni huandikwa kwenye tairi lenyewe, karibu na maelezo ya mzigo. Kwa njia ya mawe kama ya Kibakwe, hilo ningelilipia. Kwa mchanga wa Farkwa halina haraka sana. Ubavu mgumu hulala vibaya ukipunguza upepo.

Kashata zitazame hivi. Katikati ziwe zimeshikana, zisiachane kupita kiasi: zitadumu kwenye lami na hazitamegwa na changarawe kirahisi. Mabegani ziwe na nafasi, na zishuke kidogo ubavuni ili ziume mchanga na kulinda ubavu na mawe. Chungulia chini ya mifereji: matuta madogo ya mpira mle ndani yamewekwa kusukuma kokoto zisijikite mpaka kwenye waya. Bonyeza kashata moja kwa kidole gumba. Ikilala ovyo, itayumba gari likiwa na mzigo.

Alama ya mlima wenye chembe ya theluji inamaanisha tairi limefaulu jaribio la theluji. Si kosa, baadhi ya A/T nzuri zinayo, ila Dodoma isikuongezee hata shilingi kwenye bei.

Majina? Yokohama Geolandar A/T, Bridgestone Dueler A/T, BFGoodrich, Maxxis, na za Kichina zipo za kila daraja. Nimeona za bei ya kati zikidumu kwa mtu anayejali upepo, na za bei kubwa zikifa kwa mtu asiyejua geji ya upepo inashikwaje. Kumbuka pia jina moja la tairi linaweza kutengenezwa kwa LT na kwa gari dogo, kwa hiyo kusema "nataka Geolandar" hakutoshi. Sema ukubwa, sema LT, sema namba ya mzigo.

Bei ilinganishe kwa milimita. Tuchukue namba za mfano: tairi moja shilingi 400,000 lina kina cha milimita 10, lingine 500,000 lina 13. Kwa barabara zetu ni busara kulitoa tairi kazini likibaki na milimita 3, usingoje ile 1.6 ya alama za kuchakaa. La kwanza linakupa milimita 7 za kutumia, kama shilingi 57,000 kila moja. La pili 10, shilingi 50,000 kila moja. La bei ndogo limegeuka kuwa la bei kubwa.

Hatua ya 7: Umri, na habari za mtumba

Tafuta neno DOT ubavuni. Namba nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Kama upande mmoja hazionekani, geuza tairi; mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Zaidi ya miaka miwili dukani ningeomba jingine au nishushe bei, na tairi lililopangwa nje juani ningeliacha hata kama ni jipya. Jua la hapa hukausha mpira, na mpira mkavu hupasuka vinyufa kwenye mikunjo ya ubavu. Likunje kidogo kwa mikono uone.

Matairi ya mtumba yanayoingia kutoka Japani mengine ni ya barafu, yameandikwa STUDLESS. Mpira wake ni laini kwa makusudi ili ushike baridini. Kwenye lami ya Dodoma saa nane mchana yanaliwa kama sabuni. Kashata zitaonekana nene, bei itavutia, fundi atasema "hili halijatumika kabisa kaka". Acha.

Hatua ya 8: Kufunga

Nunua matano, siyo manne. Spea ya ukubwa tofauti ukiifunga nyuma na kuweka gia ya magurudumu manne kwenye ardhi kavu, unaitesa difu. Matano ya aina moja pia yanakuruhusu kuyazungusha yote, spea ikiwemo, kila kilomita 8,000 hadi 10,000.

Simama pale fundi anapofunga. Valvu ziwe mpya. Rimu isafishwe kutu pale tairi linapokaa. Balansi ifanywe, na alaimenti ipimwe siku hiyohiyo. Tairi jipya kwenye gari linalovuta upande mmoja litalika bega kabla ya msimu kuisha. Nati zikazwe kwa kuvukana na mwisho zimaliziwe kwa mkono, kwa spana ya kupima nguvu kama ipo. Mashine ya upepo huzikaza hovyo, nyingine kupita kiasi, nyingine pungufu. Baada ya kilomita 50 hadi 100 simama uzikaze tena.

Hatua ya 9: Upepo

Nunua geji yako mwenyewe. Za vituoni zimeangushwa mara nyingi mno.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Anza na kibandiko cha mlangoni, lakini ukiwa umehama kutoka tairi la gari dogo kwenda LT, elewa kwamba LT linataka upepo zaidi kubeba mzigo uleule. Kupata kipimo chako, fanya jaribio hili: jaza, pakia mzigo wa kawaida, kimbia lami kama saa moja, simama upime tena tairi likiwa na moto. Kwa LT, upepo ukipanda kama PSI 6 uko sawa. Ukipanda zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa, uliondoka na upepo mdogo: tairi linajikunja sana, joto linazidi, kesho asubuhi ongeza. Ukipanda kidogo mno, ulizidisha. Andika namba mbili, ya mzigo na ya gari tupu, ubandike kwenye dashibodi.

Kosa la hatari ni kutoa upepo mchana kwa sababu "umezidi". Umepanda kwa joto. Ukiutoa, kesho alfajiri tairi litakuwa chini ya kipimo, na likishakimbia lami na mzigo likiwa hivyo, ubavu hujikunja kila mzunguko mpaka mpira unaachana na waya. Milipuko mingi inayosingiziwa jua chanzo chake ni hicho.

Kwenye changarawe na rasta punguza kama robo ya upepo wa lami, na mwendo upungue pamoja nao. Tairi litayanywa mawe badala ya kupigana nayo. Kwenye mchanga, gari tupu linaweza kushuka hadi PSI 18 au 20. Lenye mzigo lisishuke hivyo, jaribu 25 kwanza. Usikate kona kwa ghafla, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Ukirudi lamini simama ujaze, kwa hiyo kompresa ndogo ya betri ni sehemu ya ununuzi wa matairi.

Pancha na spea

Mwiba au msumari ukiuona njiani na upepo hautoki kwa kasi, usiuchomoe. Uache uzibe tundu ulilolitoboa, fika kwa fundi, ndipo plaizi itumike. Tundu la kwenye kashata huzibika. Kwa kiraka cha ndani kilichowekwa vizuri tairi linarudi kazini. Mchano wa ubavuni hauzibiki kwa gari la mzigo, hata fundi akuapie. Tairi hilo likufikishe kijiji cha karibu kwa mwendo wa polepole, basi.

Spea iliyoning'inia chini ya bodi ishushe kila unapopima upepo wa mengine, maana mnyororo wake hushika kutu na vumbi, na siku ya pancha hautateremka. Kifuli chake ni muhimu pia. Na ijaze upepo wa tairi la nyuma lenye mzigo. Njiani ukiona umezidi utaupunguza kwa dakika moja. Ukiwa pungufu na kompresa huna, utakaa chini ya mgunga ukingoja lori lenye bomba la upepo.